Konvata Haikuwa na Kosa

Gereji, Mosocho
Ijumaa alasiri

Moraa mwanangu,

Habari za neti ya mbu, maji ya kunywa na watu wa kupigia simu ukifika, mama yako amekwisha kukupa, na kwa kuwa yeye hulisema jambo mara tatu ili lisipotee, sina la kuongeza hapo. Nimewaruhusu mafundi waende nyumbani mapema. Mvua ya saa tisa imekuja kama ilivyozoea, imepiga mabati nusu saa, imehamia upande wa Birongo, na sasa nina muda wa saa mbili hivi kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Hapo nitaweka kalamu chini, niwe nimemaliza au sijamaliza. Keshokutwa asubuhi unakwenda Mombasa. Kuna jambo ambalo sitaki uondoke kabla hujalipata kutoka kwangu, nami naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitalifupisha.

Jambo lenyewe ni hili: ninajua ulikokuwa ile Sabato uliyokosa kanisani.

Utaona pia nimeandika kwa Kiswahili. Ekegusii chetu kina njia nyingi za baba kumgusia mtoto jambo bila kulitamka, na katika hili sitaki msaada wa njia hizo. Tena wanijua: siwezi kutoa jibu kabla ya kuonyesha hatua zilizonifikisha. Nivumilie, basi, nianzie mbali kidogo.

Ulikuwa darasa la nne nilipokuchukua mara ya kwanza kwenda kujaribu gari kwenye tambarare. Hapa kwetu barabara hainyooki wala hailali. Ukienda mjini, ukienda Nyamira, ukienda popote, gari ama linapanda ama linateremka, na konvata, ambayo hufunga pale tu gari linapokwenda kwa mwendo mmoja bila kuhangaishwa, haipati dakika ya kufunga na kutulia. Ndiyo maana fundi wa milima hii anaweza kumrudishia mtu gari bovu huku akiapa kwamba ni zima. Dawa tuliijua: kuteremka kupita Oyugis, kupita Sondu, hadi kule Katito ambako lami hulala kama kamba iliyovutwa pande mbili, na mtu akashika kilomita themanini kwa saa bila kuugusa usukani.

“Tata, kwa nini tusijaribu hapa hapa Mosocho?” uliniuliza.

“Kwa sababu hapa kilima hakituachi.”

Nikakueleza kwamba katika gari la otomatiki hakuna chuma kinachoishika injini na giaboksi moja kwa moja. Kati yao ipo konvata, na ndani yake feni mbili zinazotazamana katika oili. Injini huizungusha ya kwanza, nayo huirushia ya pili oili hadi izunguke, lakini ile ya pili daima hubaki nyuma kidogo. Gari likishatulia kwenye mwendo wake, klachi ndogo iliyomo mle hufunga feni zote mbili ziwe kitu kimoja, na kule kubaki nyuma kukakoma. Ulifikiri kutoka Oyugis hadi Sondu. Kisha ukasema, “Kwa hivyo wanakimbizana, halafu wanachoka, wanashikana mikono.” Nimefundisha chuoni huko Nyamira miaka mingi, kila Jumatano, na sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Ulipoingia sekondari nilikupa kiti cha mbele na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ukawa unanitajia tarakimu kila likizo. Sauti yako ilikuwa haina haraka. “Imeshika,” ulikuwa ukisema, mizunguko ya injini iliposhuka ghafla kwa mia mbili na ushee. “Imeachia.” Unakumbuka gari la mchungaji lililozimika kila aliposimama kwenye lango la kanisa? Klachi ya konvata ilikuwa imekwama ikiwa imefunga, gari likawa linasimama na giaboksi ikiivuta injini hadi kuizima, kama mwanafunzi wa udereva aliyesahau kukanyaga klachi. Wewe ndiwe uliyeling’amua kabla yangu, ukasema kwa sauti ambayo mchungaji aliisikia vizuri kabisa, “Hata gari lenyewe limechoka na mahubiri.” Nilikukemea. Nilikwenda nyuma ya gereji nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hilo hukulijua.

Sasa nafika kwa Mama Achieng’.

Alikuwa mgeni kwetu alipofika miaka miwili iliyopita, mama wa kutoka kando ya ziwa, mwenye duka la nguo mjini Kisii, ambaye kila mwisho wa juma huenda Kisumu kumwangalia mamake. Nimeirudia kauli yake ya kwanza mara nyingi juma hili, kwa kuwa kila kilichohitajika kilikuwa ndani yake.

“Fundi, hii gari yangu inakohoa,” alisema. “Nikipita Sondu nikishika themanini, inakohoa. Nikipanda huku kwenu, inapona.”

“Inakohoa au inatetemeka?”

“Mimi nauza nguo, fundi. Nimekuambia inakohoa.”

Tuliteremka watatu, yeye, wewe na mimi. Kule Katito, kwenye themanini, mguu ukiwa mwepesi juu ya mafuta, gari likaanza kushtuka. Nikafanya jaribio nililokufundisha mwenyewe: nikagusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa tu, kwa sababu kompyuta ikiona breki huiachilia konvata. Mshtuko ukakoma papo hapo. Nikaondoa mguu, konvata ikafunga, mshtuko ukarudi. Mara tatu nilifanya hivyo, na mara tatu nikajibiwa jibu lile lile.

“Umeona?” nikakuuliza.

“Nimeona, Tata. Lakini tofauti haichezi.”

“Tofauti gani?”

“Ya mizunguko. Ya injini na ya giaboksi. Kama konvata ingekuwa inateleza, hizi namba mbili zingekuwa zinaachana na kurudiana. Hizi zimeshikana tu. Nafikiri injini yenyewe inamisi. Silinda moja inakosa kuwaka.”

“Siku hizi mashine ndiyo inakufundisha kazi yangu?”

Mama Achieng’ akainama mbele kutoka kiti cha nyuma. “Wee fundi, si usikize mtoto!”

Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kilichofunga mjadala, nami nilikijua kina kazi gani wakati kilipokuwa kinanitoka. Mwanamke nisiyemjua alikuwa amekutetea mbele yangu, ndani ya gari nililokuwa nikiliendesha mimi, na katika dakika hiyo nililazimika kuchagua kati ya kuwa sahihi na kuwa mkubwa. Nikaagiza giaboksi nyingine kutoka Nairobi pamoja na konvata yake. Tukaifunga kwa siku nne, wewe ukiwa chini ya gari pamoja nami bila kusema neno. Kisha mimi, niliyekufundisha habari za tambarare, nikalijaribu gari kwa kwenda Nyamira na kurudi. Milimani! Lilikwenda vizuri, kama ambavyo lingekwenda vizuri na ile giaboksi ya zamani. Nikamwita mwenyewe achukue gari lake.

Hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza, nami nalieleza kwa utaratibu kwa kuwa huko uendako utakutana nalo. Silinda isiyowaka vizuri, konvata inapokuwa imefunga, husukuma mshtuko wake moja kwa moja hadi kwenye magurudumu. Konvata ikiachia, oili huumeza mshtuko huo. Kwa hiyo mguso wangu wa breki ungetoa jibu lile lile kama konvata ni mbovu, na jibu lile lile kama injini inamisi. Jaribio linaloitikia magonjwa mawili kwa sauti moja halijakupa chochote, hata ulirudie mara mia. Nilikuwa nimesikia “ndiyo” nikadhani nimejibiwa.

Kosa la pili halikuhusu gari.

Wiki iliyofuata, siku ya Sabato, mimi na mama yako tulitangulia Sironga ambako nilikuwa nimealikwa kuhubiri. Wewe ungekuja baadaye. Hukuja. Nilisimama mbele ya watu nikikitazama kile kiti kitupu kando ya mama yako, na sidhani kwamba nilihubiri lolote la maana. Jioni hiyo, tulipopita hapa sokoni, jirani mmoja akanieleza kwamba mlango wa gereji ulikuwa wazi tangu asubuhi. Gereji hii haijawahi kufunguliwa siku ya Sabato tangu nilipoijenga. Nilikukuta nyumbani na gauni lako jeupe la kanisani, lenye alama nyeusi kwenye mkono.

“Ulikuwa wapi?”

“Kulikuwa na shida kidogo, Tata.”

“Shida ya nani?”

Ukautazama mkono wa gauni.

“Lete ufunguo.”

Ukaniletea. Uliuweka mezani polepole, bila kuugongesha. Mwezi huo huo ukapata kazi kwa fundi wa mjini, na kwa miaka miwili tumekuwa tukiketi kwenye meza moja tukizungumza habari za chai na hali ya barabara. Mimi, nisiyekubali fundi wangu afungue hata boliti moja kabla ya kusema anatafuta nini, niliuona uchafu wa injini kwenye gauni la binti yangu na sikuuliza umetoka injini gani.

Swali hilo nililiuliza Jumatatu hii, bila kujua kwamba ninaliuliza. Mama Achieng’ alifika hapa akiwa na kitenge kilichofungwa vizuri.

“Nimesikia daktari wangu anaenda Mombasa. Mpe hii.”

“Daktari gani?”

“Si Moraa! Kuna mwingine?” Akanitazama, na nikaona uso wake ukigeuka. “Ai. Fundi. Kwani hakuwahi kukuambia?”

“Kuniambia nini?”

“Basi wacha.”

“Mama Achieng’, keti.”

Akaketi kwenye tairi. Akanisimulia kwamba asubuhi ile ya Sabato alipigiwa simu kuwa mamake amezidiwa. Gari lilikuwa limekohoa tena njia nzima juma lililotangulia, na sasa hata kuliondoa mjini aliogopa. Akakupigia wewe kwa kuwa, alivyosema, mimi aliogopa kunisumbua Sabato. Ukatoka njiani kwenda Sironga ukafungua gereji, ukachukua mashine na koili moja nzima ya kuwashia plagi, ukamfuata mjini, mkateremka. Kule chini, kando ya barabara, ulihamisha koili ya silinda ya tatu ukaifunga kwenye silinda ya kwanza, mkaendelea, na mashine ikaonyesha kikohozi kimeifuata kule ilikohamishiwa. Ndipo ukaiondoa hiyo mbovu ukaifunga ile nzima. Alifika Kisumu bila kukohoa hata mara moja, akamkuta mamake angali anazungumza. Wewe ulirudi kwa njia yako.

Nilijitetea, Moraa. Afadhali ulijue hilo pia. “Lakini giaboksi niliyoweka mimi ni nzuri,” nikamwambia.

“Ni nzuri sana,” akasema. “Ulinibadilishia moyo, fundi, na mimi nilikuwa na mafua.”

Kisha akasema lile ambalo limenikalia tangu siku hiyo. Alikuwa ametaka kunipigia kunieleza, nawe ukamzuia. “Alisema: usimwambie Tata, hiyo gari ndiyo anafundishia watu.”

Ni kweli. Nilikuwa nimeanza wiki ile ile. Kwa miaka miwili gari la Mama Achieng’ limekuwa mfano wangu wa konvata mbovu: dalili zake, mguso wa breki, marudio matatu, hukumu. Niliuchora ubaoni kwa rangi. Wewe ulilijua hilo, ukaona kwamba ukijieleza kwangu utanivunja mbele ya wanafunzi wangu, ukachagua kuupoteza ufunguo. Sijui binti mwingine ambaye angefanya hivyo. Na bado, kwa kuwa siku zote nimekudai ukweli, sitakuficha kilichofuata.

Juzi Jumatano nilisimama darasani nikaufuta ule mchoro. Niliwaeleza nilichokosea na aliyekuwa sahihi, kwa jina lako. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima mwenye gereji yake ndogo Birongo, akainua mkono.

“Sasa mwalimu, yule mzee niliyembadilishia giaboksi mwaka jana?”

“Ulimjaribu vipi?”

“Vile ulitufundisha.”

Hakuna aliyecheka. Keshokutwa alasiri, nikishakusindikiza, nitakwenda naye kwa mzee huyo, tuteremke na gari lake hadi Katito tulichunguze upya. Wewe, Moraa, sikulaumu hata kidogo. Heshima uliyonihifadhia iligharimiwa na mtu ambaye hatujawahi kumwona, lakini wewe hukuwa na namna ya kumjua. Mimi ndiye niliyejenga nyumba ambamo ukweli ulihitaji ruhusa kabla ya kuingia, na mtoto mwenye adabu hujifunza desturi za nyumba yake. Ulijifunza vizuri mno. Hilo ndilo linaloniumiza.

Ufunguo sikurudishii, kwa kuwa Mombasa hakuna mlango utakaoufungua. Ninakurudishia siku yenyewe. Ile Sabato haikuwa ya kufichwa. Nimemweleza mama yako. Akasema alikuwa ameifua ile alama mara mbili na haikutoka, na kwamba yeye, tofauti na mimi, alijua gauni la mtu aliyekwenda kustarehe halichafuki hivyo.

Utafanya kazi mahali ambapo wanafungua giaboksi tatu kwa siku. Barabara za huko ni tambarare. Konvata itafunga mara tu utakapotoka langoni, na hutahitaji saa moja na nusu za kuutafuta mwendo uliotulia. Nilipoliwaza hilo asubuhi hii niliona wivu, ambao haukuwa wa kazi. Niliona kwamba kwa miaka yote ile nilidhani tunakwenda Katito kwa sababu ya magari. Kumbe nusu ya magari yale ningeweza kuyaamua hapa hapa kwa oili yake na kwa mashine. Nilipenda njia. Nilipenda kukusikia ukifikiri kutoka Oyugis hadi Sondu. Tangu uondoke gereji, nimeteremka kule mara chache sana, na kila niliporudi nilijiambia kwamba ni bei ya petroli.

Jana gari moja liliingia hapa, lenye mtetemeko mwepesi kwenye sabini, kama linapita juu ya rasta za barabarani, vile vituta vyembamba vya kupunguza mwendo. Mwenyewe ni mwalimu wa shule, mtu wa haraka, aliyetaka hukumu kabla ya saa sita. Nililichunguza. Oili imeungua kidogo, si sana. Tofauti ya mizunguko inacheza, lakini inacheza pia konvata ikiwa imeachia, jambo ambalo sijalielewa. Nilimwambia, “Sijui.” Akanitazama kama mtu aliyekuja kwa mwingine akakosea mlango. Nikamwambia alirudishe Jumanne, kwamba kuna mtu nitakayemuuliza.

Jua limefika juu ya mikaratusi. Nina dakika chache.

Nitakupigia simu Jumanne, kabla hata hujajua mahali pa kutundika ovaroli yako. Sitapiga kukujulia hali. Mama yako atakuwa amekwisha kufanya hivyo. Nitakueleza nilichoona na ninachodhani. Ukiona nimekosea, niambie nimekosea. Nitakasirika kwanza, kwa kuwa nina umri huu na sitabadilika kwa barua moja. Utanisikia nikinyamaza, na ukimya huo utakuwa mrefu.

Usikate simu.

Ni mimi,
Tata